Mkaa mbadala wa maganda ya mise sokoni Kigoma: upi ununue, upi uuache

Mkaa mbadala unaouzwa Kigoma mjini, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, huitwa kwa jina moja, lakini ndani ya jina hilo kuna bidhaa tatu tofauti. Wa kwanza ni wa maganda ya mise, yale maganda magumu yanayobaki baada ya kubangua kokwa la mchikichi. Wa pili ni wa chenga, yaani vumbi na vipande vidogo vinavyozolewa kwenye vituo vya kuuzia mkaa wa miti. Wa tatu ni mchanganyiko: pumba za mpunga, mabua ya mahindi, vumbi la mbao, mikungu mitupu ya michikichi (iliyokwisha tolewa chikichi), na mara nyingi udongo. Ukiviona vimepangwa mezani vyote ni vipande vyeusi vinavyofanana. Jikoni havifanani hata kidogo.

Hukumu tunaitoa mapema. Mkaa wa maganda ya mise, kama maganda yalichomwa yakaiva na gundi ikapimwa, ni mzuri kuliko mkaa wa miti kwa chochote kinachochemka zaidi ya saa moja. Wa chenga unafaa ikiwa haukuzolewa pamoja na mchanga. Wa mchanganyiko uache, isipokuwa muuzaji akubali uuchome kwanza kabla ya kulipa. (Tathmini hii haihusu Rafiki Briquettes ya Shirika la Madini la Taifa (STAMICO), ambayo malighafi yake ni makaa ya mawe. Hiyo ni bidhaa nyingine kabisa.)

Sababu ya kuyasifia maganda ya mise iko kwenye mti wenyewe. Michikichi mingi ya zamani ya Kigoma ni ya aina ya dura, ambayo ganda la kokwa lake lina unene wa milimita 2 hadi 8. Ni ganda gumu na zito, na likichomwa kwa hewa kidogo hutoa mkaa mgumu usiopukutika ovyo na wenye majivu machache. Mkaa wake mtupu hukaribia nguvu ya mkaa wa miti, megajuli 28 hadi 30 kwa kilo, na ukishatiwa gundi nguvu hiyo hushuka kidogo tu. Linganisha na pumba za mpunga: pumba zimejaa silika, ile ile iliyomo kwenye mchanga, kiasi kwamba zikishageuzwa mkaa karibu nusu ya uzito wake ni majivu. Anayekuuzia kilo mbili za mkaa wa pumba amekuuzia karibu kilo moja ya kitu kisichowaka.

Mikungu mitupu ina kasoro yake. Ina potasiamu nyingi, na potasiamu hufanya majivu yayeyuke moto unapokolea. Yakipoa hugeuka vibonge vigumu vinavyong'aa kidogo, vinaziba matundu ya jiko, na jiko linakosa pumzi ilhali mkaa bado upo. Ukikuta vibonge vya namna hiyo chini ya jiko lako, mtengenezaji ametia mikungu. Mahali pa mikungu ni shambani, kuzunguka shina la mchikichi. Ikioza pale inashika unyevu na kuurudishia udongo potasiamu ile ile inayoharibu jiko. Kuichoma na kuiuza mjini ni kulinyima shamba mbolea yake.

Sasa kivunje kipande. Kishike kwa mikono miwili, kikunje katikati mpaka kivunjike, kisha tazama ndani kwenye mwanga wa jua. Kipande kizuri kina rangi moja nyeusi kutoka ukingoni hadi katikati, na chembe zake zinaonekana kama ngano iliyopasuliwa, nyingine zikimetameta, kwa sababu mkaa wa ganda la mise huvunjika kwa kingo kali. Ukiona vidoa vya kahawia, hayo ni maganda mabichi ambayo hayakuiva. Kitoe kidoa kimoja kwa ukucha, kiweke juu ya jiwe, kigonge. Ganda lililoiva linapasuka kwa mlio mkavu na kuacha unga mweusi, lakini bichi linaruka au linapasuka vipande vya kahawia. Ukiona vidoa viwili vitatu kwenye kipande kimoja, jiandae kwa moshi. Ukiona mistari ya rangi ya udongo au vijiwe vidogo, rudisha.

Maganda mabichi huingiaje? Lawama karibu zote ziko kwenye pipa. Watengenezaji wadogo huchomea kwenye mapipa ya chuma ya lita 200 yaliyokwisha kazi, na hilo ni jambo jema, mradi pipa lilikuwa la mafuta ya kula au ya mashine, si la dawa za mimea. Shida ni kwamba maganda ya mise ni madogo na hujipanga yakabanana. Hewa haipiti katikati. Yaliyo pembeni na chini yanaungua hadi kuwa majivu, na ya katikati yanabaki kama yalivyoingia. Mtengenezaji anayejua kazi husimamisha bomba lenye matundu katikati ya pipa kabla ya kumimina maganda, hutoboa matundu ya hewa ya upana wa kidole gumba kwenye kitako, na hajazi hadi mdomoni. Anasoma moshi: mwanzo ni mweupe mzito, huo ni mvuke wa maji, kisha unakuwa wa njano na wenye kuwasha macho, hapo lami inatoka, mwisho unakuwa mwembamba wa kibuluu. Moshi ukishakuwa wa kibuluu ndipo anafunga matundu yote kwa udongo mbichi na kuliacha pipa hadi kesho yake. Akifunga moshi ukiwa bado wa njano, lami inabaki ndani ya mkaa, na utaiona nyeusi na yenye kunata chini ya sufuria yako. Akifungua pipa lingali na joto, hewa inaingia na mkaa unashika moto upya. Mkaa wa namna hiyo umewahi kuunguza maghala, ndiyo maana pipa likishafunguliwa mkaa unapaswa kukaa wazi, mbali na nyumba, kwa saa 24 kabla ya kusagwa au kufungwa.

Kiasi kinachotoka hutegemea ukavu wa maganda na umakini wa mchomaji, lakini kwenye pipa la kawaida tegemea kama robo ya uzito ulioingia. Kilo 100 za maganda makavu zitatoa takribani kilo 25 za mkaa. Si kidogo: tanuri la udongo la porini hula kilo 5 hadi 10 za kuni kwa kila kilo moja ya mkaa wa miti, na kuni hizo zinatokana na miti iliyokuwa imesimama.

Gundi ndiyo sehemu ambayo watengenezaji wengi huifanyia ubahili au huizidisha. Kigoma gundi rahisi ni uji wa muhogo. Kwa kilo 10 za unga wa mkaa, gramu 500 hadi 700 za unga wa muhogo zilizopikwa kwenye lita 5 hadi 6 za maji zinatosha. Uji lazima uchemke hadi uwe mzito na ung'ae. Unga uliokorogwa tu kwenye maji ya moto haunati, na vipande vitamong'onyoka kwenye kiroba kabla havijafika sokoni. Unga wa makopa yaliyopata ukungu, ambao haufai kuliwa na mtu wala mnyama, unafaa kabisa kwa kazi hii, na ni heri uishie hapo. Gundi ikizidi sana, kipande kinakuwa kigumu cha kupendeza mkononi lakini kinatoa harufu ya uji ulioungua kwa dakika za mwanzo na kinachelewa kushika moto.

Wengine hutumia udongo wa mfinyanzi badala ya muhogo. Udongo unashikamanisha vizuri, haupati ukungu, tena ni bure. Lakini hauwaki. Ukitiwa asilimia 20 ya udongo, umelipia sehemu moja ya tano ya mzigo kwa kitu utakachokimwaga jalalani. Kuna mtetezi wa udongo atakayekwambia kwamba unafanya moto udumu. Moto unadumu kwa sababu umepoozwa, na sufuria inachelewa kwa kiasi hicho hicho. Kama mtengenezaji anasema wazi kwamba ametia udongo na bei yake inalingana, hakuna ugomvi. Tatizo ni udongo unaouzwa kwa bei ya mkaa.

Kuhusu maumbo, si jambo kubwa. Vipande virefu vyenye tundu katikati, vinavyotoka kwenye mashine ya skrubu, ndivyo vinavyowaka kwa usawa zaidi kwa sababu hewa inapita ndani na nje. Vya duara vilivyoviringishwa kwa mkono vinafaa pia ikiwa havizidi ukubwa wa limau. Vikubwa kuliko hapo huungua nje, ndani vikabaki vyeusi. Vipande virefu vikate kwa urefu wa vidole vitatu kabla ya kuviweka kwenye jiko dogo, kwa sababu vikilala kwa urefu vinafunika matundu.

Ukavu una uzito kuliko umbo. Kipande kilichotoka kwenye mashine kinahitaji siku 3 hadi 5 za jua kali, kikigeuzwa, kikiwa juu ya kichanja na si chini kwenye turubai, ili hewa ipite pande zote. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, hilo si tatizo Kigoma. Mvua zikishaanza, mambo hubadilika. Ganda la nje linakauka, ndani kunabaki maji, na kipande kikiingia motoni kinapasuka na kurusha cheche. Kipande kibichi pia huota ukungu mweupe kama manyoya, kwa kuwa ndani yake kuna uji. Ukikuta ukungu kwenye kiroba, mkaa huo ulifungwa ukiwa na maji, na hata ukiuanika tena hautakuwa na nguvu ile ya awali, gundi yake imeshaliwa. Mkaa wa kutumia Desemba hadi Aprili ununue Agosti au Septemba, uuweke mahali pakavu juu ya mbao, usigusane na sakafu wala ukuta.

Sokoni kuna majaribio unayoweza kuyafanya ukiwa umesimama hapo hapo mezani. La kuvunja tumeshalieleza. Jingine ni la kuangusha: kiachie kipande kutoka usawa wa kiuno kwenye saruji. Kikibaki kizima au kikigawanyika mara mbili, gundi iko sawa. Kikisambaa, utanunua vumbi. Kisha kisugue kidogo kwenye kiganja. Mkaa wa mise wenye gundi nzuri huacha weusi mwepesi tu. Usifanye jaribio la kukitia kwenye maji, maana kipande chochote kilichoshikwa na uji wa muhogo kitalainika na kuachana, hata kilicho bora kabisa, na utamdhulumu muuzaji mwaminifu.

Jaribio la nyumbani ndilo linalomaliza ubishi. Pima kilo moja kamili kwenye mzani wa dukani, uchome wote hadi usibaki weusi, acha upoe, kusanya majivu, upime. Mkaa wa maganda ya mise uliotengenezwa kwa uangalifu hauzidi gramu 120 za majivu. Hadi gramu 200 bado unavumilika kwa bei ya chini. Ukifika gramu 300, umenunua udongo, pumba au mchanga. Rangi nayo inasema: majivu ya mise ni ya kijivu au meupe, lakini majivu mekundu au ya kahawia ni ya udongo.

Tukija kwenye bei, kosa la kila siku ni kulinganisha kwa kisado au kwa ndoo. Mkaa mbadala ni mzito, wa miti ni mwepesi na una nafasi nyingi kati ya vipande. Kisado kimoja cha mkaa wa miti kinaweza kuwa na kilo moja, na kisado hicho hicho cha mkaa mbadala kikawa na kilo mbili. Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya soko: wa miti shilingi 1,000 kwa kisado, mbadala shilingi 1,500. Kwa macho mbadala ni ghali. Kwa mzani, wa miti ni shilingi 1,000 kwa kilo na mbadala ni 750. Sasa toa majivu. Wa miti wenye asilimia 4 ya majivu unakugharimu kama shilingi 1,040 kwa kilo inayowaka kweli. Mbadala wenye asilimia 15 ni kama 880. Umeokoa. Lakini mbadala ule ule ukiwa na asilimia 35 ya majivu unapanda hadi shilingi 1,150, na hapo mkaa wa miti ni nafuu. Weka bei za wiki hii mahali pa hizo na urudie hesabu. Muuzaji asiyekubali kupima kwa mzani asikuuzie kitu.

Malalamiko mengi kuhusu mkaa huu yanatokana na kuutumia kama wa miti. Hauwashwi vile, haukorogwi vile, hauzimwi vile.

Unahitaji jiko lenye udongo wa kufinyanga ndani, kwa sababu mkaa mbadala hutoa joto la taratibu, na jiko la bati tupu linalitawanya pembeni. Kung'uta majivu ya jana yote kwanza. Panga vipande kwa kuviegemeza, si kuvilaza vikabanana, na usizidishe tabaka mbili. Weka juu yake vipande vichache vya mkaa wa miti, kiasi cha kujaza viganja viwili, ndivyo viwe kichocheo. Cha kuwashia, nyuzi zinazobaki baada ya kukamua mawese hazina mpinzani: bado zina mafuta, zinashika kwa kiberiti kimoja, na karibu na wakamuaji hazigharimu kitu. Usiwashie mfuko wa plastiki. Moshi wake ni sumu, unaingia kwenye pumzi ya mpishi na kwenye chakula, na plastiki iliyoyeyuka inaziba matundu. Fungua mlango wa chini wa jiko wote, jiko likiwa nje ya nyumba, na subiri dakika 15 hadi 25. Ukiona kingo za vipande zimeanza kuwa za kijivu na katikati ni nyekundu, injika sufuria. Kabla ya hapo utapika moshi.

Moto ukishakolea, punguza mlango hadi nusu au robo. Usichokonoe. Mkaa wa miti ukiuchokonoa unachangamka, lakini huu ukiuchokonoa unavunjika kuwa unga, unga unaziba hewa, moto unafifia. Ukitaka joto zaidi, fungua mlango, basi. Ukihitaji kuongeza, ongeza pembeni, kipande kimoja kimoja, wakati moto bado una nguvu. Ukisubiri hadi umebaki kidogo kisha ukarundika vipande baridi juu yake, utauzima.

Chakula kikiiva na mkaa umebaki, usimwagie maji. Utasambaratika na hautakusanyika tena. Uhamishie kwa koleo kwenye kopo la bati lenye kifuniko, au sufuria iliyotoboka iliyozibwa tundu, ufunike. Ukikosa hewa unazima wenyewe, na kesho unawaka upesi kuliko mpya.

Kwa mapishi ya Kigoma, nafasi yake ni wazi. Maharage, sombe (kisamvu), makande na mchuzi wa nyama ngumu ndiyo makazi yake. Gramu 600 hadi 800 za mkaa mzuri wa mise kwenye jiko la udongo zinaivisha kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku, bila kuongeza. Sombe na mawese yake inachemka taratibu bila kushika chini. Kukaanga migebuka ni habari nyingine: mafuta yanataka moto mkali wa ghafla, na huu unakuja polepole. Ugali wa muhogo vilevile, unaopikwa kwa dakika chache, haustahili kusubiri dakika 20 za kuwasha. Mama lishe anayepika mfululizo kuanzia asubuhi hapati shida hiyo, jiko lake halipoi. Mtu anayechemsha chai ya haraka na kuondoka atauona unampotezea muda, na ana haki. Kwake, kuchanganya nusu kwa nusu na mkaa wa miti ni suluhisho la heshima, na bado amepunguza magunia yanayokuja mjini.

Kuna hatari moja ambayo haina mjadala. Mkaa huu unadumu muda mrefu ukiwa umefunikwa na majivu, unaonekana kama umezima, na watu huuingiza ndani ili kupasha chumba joto au kutunza jiko na mvua. Wakati huo wote unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu inayoua watu usingizini. Kutokuwa na moshi hakumaanishi kuwa na usalama. Jiko lilale nje, au mkaa uzimwe kwenye kopo kabla ya kufunga mlango.

Majivu yake, kama ni ya mise na muhogo tu, yanatumika: kwenye bustani ya mchicha kwa kiasi, kwenye choo cha shimo kupunguza harufu na nzi, na kwenye kusugua sufuria. Ya mkaa wenye udongo hayana faida hiyo.

Sasa upande ambao wauzaji hawautaji. Si kila ganda la mise ni taka. Wakamuaji wengi wa mawese vijijini huyatumia maganda yale yale, mabichi, pamoja na nyuzi, kuchemshia chikichi kwenye mapipa. Mtu wa mjini akija na lori akayanunua yote, mkamuaji anabaki bila moto na anaingia porini kukata kuni. Mti umeokolewa Mwanga na umeanguka kijijini. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtengenezaji ni maganda ameyatoa wapi. Jibu zuri ni kwamba yametoka kwenye marundo yaliyobaki nyuma ya mashine za kubangulia mise, ambako hukaa mvua baada ya mvua bila mwenyewe, au kwenye ziada baada ya mkamuaji kujiwekea yake. Hilo ndilo linaloufanya mkaa huu uwe na maana katika mkoa ambao misitu yake inabebeshwa mji, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na wachomaji mkaa wote kwa pamoja.

Malighafi yenyewe itabadilika. Tangu Serikali ilipoanza mwaka 2018 kulifufua zao la michikichi, kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kimekuwa kikizalisha mbegu za tenera, chotara wa dura na pisifera (aina ambayo kokwa lake halina ganda). Tenera ina nyama nyingi na mafuta mengi, na ganda lake ni jembamba, milimita 0.5 hadi 4. Kwa mkulima ni neema. Kwa mtengenezaji wa mkaa maana yake ni maganda machache kwa kila mkungu, na membamba yanayoungua upesi ndani ya pipa. Wanaoagiza mashine kubwa leo wakitegemea marundo ya dura wapige hesabu ya mashamba mapya kwanza.

Kuhusu vifungashio tunasema kwa ufupi. Kiroba kilichokwisha beba sukari au unga kinatosha, na ukirudi nacho kijazwe tena. Kuna wanaouza kilo moja moja kwenye mifuko ya plastiki laini. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, na kuufunga mkaa wa kupunguza taka kwenye plastiki ya kutupa mara moja ni kuibomoa kazi yenyewe.

Shule na taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zilishaagizwa na Serikali ziachane na kuni na mkaa wa miti, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mpishi mkuu anayefikiria mkaa wa mise kwa maharage ya wanafunzi mia kadhaa asinunue kwa sampuli ya mkononi. Aombe viroba viwili kutoka kwenye mzigo uleule utakaoletwa, afanye jaribio la majivu kwa kilo tatu kutoka sehemu tofauti za kiroba, na aandike kwenye mkataba vitu vitatu: majivu yasizidi gramu 150 kwa kilo, vipande vilivyovunjika kuwa unga visizidi kilo 5 kwa kila kilo 100, na mzigo wenye ukungu urudishwe kwa gharama ya muuzaji. Unga utakaobaki kwenye viroba asiumwage. Mtengenezaji aliye makini huuchukua tena kwa punguzo la bei, maana kwake ni mkaa ulioiva tayari, unaosubiri uji wa muhogo na mashine.